Taa ya Betri Zilizokufa

Mama huweka betri zilizokwisha ndani ya kopo la samli, chini ya kitanda chake. Siku nilipolivuta kopo hilo na kulifungua, nilirudisha uso nyuma. Betri zilikuwa zimetokwa na uji mweupe, uji ukagandana, ukazishikanisha moja na mwenziwe kama makamasi yaliyokaukia shavuni mwa mtoto. Baadhi zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Harufu yake ilikuwa ya kitu kilichokuwa chuma zamani, na sasa kinataka kuwa nyama.

"Usizitupe," mama alisema akiwa kitandani. "Hizo hazijafa. Zimechoka tu."

Kizazi cha mama hakiamini kwamba betri hufa. Redio ikianza kukoroma, betri hutolewa zikaanikwa juani. Zikishashiba jua hurudishwa, na redio ikasema siku mbili tatu zaidi. Hilo silibishi, maana nimeliona likifaulu. Ninachokibisha ni sinia. Mama huanika betri zake juu ya paa la jiko kwenye sinia lile lile analoanikia pilipili. Pilipili hizo nimezila tangu utoto, na sasa nimefika umri wa kutafuta miwani iliyo usoni mwangu, kwa hiyo madhara yoyote yaliyokusudiwa kunipata yameshanipata. Huenda ndiyo yaliyonifanya mwandishi wa insha.

Nilizifuata betri hizo kwa sababu ya maji. Mama ana sukari, na daktari wake alimwambia figo zake zinataka maji, mengi, kutwa na jioni. Mama aliitikia "inshallah" kwa sauti ya kumridhisha daktari yeyote. Akirudi nyumbani alikunywa vizuri mpaka alasiri, kisha akaigeuza glasi kifudifudi juu ya sahani yake, na hapo hakuna aliyeweza kumshawishi. Hata mchuzi alikuwa akiukwepa. Tulidhani ni ukaidi wa wazee, mpaka asubuhi moja mke wangu alipomkuta ameketi kwenye kizingiti cha jiko, midomo imekauka kama ganda la kitunguu, akimwita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Tulimkimbiza hospitali, akatiwa maji kwa mshipa. Daktari akatuambia, bila kupamba, kwamba akirudi tena katika hali hiyo huenda asitoke hai.

Mke wangu ndiye aliyemuuliza, kwa kuwa wanawake hujua la kuuliza. Mama akamjibu kwamba akinywa jioni atataka kwenda chooni jioni. Na chooni, jioni, ni kwa kombamwiko.

Nyumba yetu iko Likoni, na choo kiko mwisho wa ua, cha shimo, kilichojengwa na marehemu baba kwa mawe ya matumbawe. Tunakitumia sisi na wapangaji wa vyumba vya nyuma. Ndani ni giza hata adhuhuri, kwa sababu baba aliamini kwamba dirisha la choo ni ukosefu wa haya. Aliacha tundu moja juu, la kupitisha ngumi. Jua likishatua, ukiingia unasikia ukuta ukitembea. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Unasikia mchakato mkavu, kama mtu anakunja karatasi mbali nawe, halafu karibu nawe, halafu kitu kinakupita juu ya unyayo.

Umeme haukuwezekana. Uliwahi kuvutwa waya zamani, unyevu ukaupenya, mpangaji mmoja akashika mlango wa bati ukamrusha mpaka kwenye kamba ya nguo. Mama aliamuru ukatwe na akaapa wallahi hautarudi yeye yu hai. Tochi nayo ilitaka mkono, na mama hana mkono wa ziada: mmoja una kopo la maji, wa pili unashika ukuta kwa sababu ya magoti. Aliwahi kuibana tochi kwa kidevu. Ilitumbukia. Ikaendelea kuwaka huko chini kwa muda mrefu wa kutosha, ikatuonyesha sote yale tuliyokuwa tumeridhika kuyajua kwa kusikia. Mke wangu akatundika taa nzuri ya kuchaji. Iliruka ukuta na mwizi kabla haijazoea msumari wake.

Basi ilitakiwa taa isiyo na waya, isiyoshikwa kwa mkono, na mbaya kiasi cha mwizi kuionea huruma. Nikakumbuka kopo la samli. Nilikuwa nimeona kwenye simu video ya mtu akiwasha taa ya LED kwa betri moja iliyokwisha, kwa kifaa kidogo cha kupandisha volti. Mtu yule hakuwa na uso, alikuwa na mikono tu, mikono safi sana. Nami nina shahada ya falsafa, na hufundisha vijana wa chuo kimoja upande wa Changamwe namna ya kufikiri. Nikajiambia kwamba kifaa chenye vipande vinne hakiwezi kunishinda.

Nieleze jinsi kinavyofanya kazi, kwa kuwa nilieleza nyumbani na hakuna aliyesikiliza. Taa nyeupe ya LED inataka volti zisizopungua tatu hivi. Betri iliyochoka inatoa moja, na hiyo moja ni kwa kubembelezwa. Ukiziunganisha moja kwa moja, hupati hata mng'ao. Lakini umewahi kufunga mfereji ghafla, ukasikia bomba likigonga ukutani? Maji yaliyokuwa yakienda polepole yamezuiwa, na ule mwendo wake umegeuka msukumo mkubwa kuliko ule wa tangi. Umeme nao ni hivyo. Unaupitisha kwenye waya uliozungushwa juu ya pete nyeusi ya sumaku, kisha unaukata ghafla. Ukikatwa hasira zake hupanda, na kwa hasira hizo unaruka kizingiti ambacho haungekivuka kwa upole. Kinachokata na kufungulia ni transista, maelfu ya mara kwa nukta, upesi hata jicho halitambui. Betri inakamuliwa kama chicha la nazi, kamuo la pili na la tatu, mpaka isalie makapi.

Pete na transista nilivitoa ndani ya balbu zilizoungua, zile zilizopindapinda kama utumbo. Ndani ya moja nilimkuta mjusi kafiri aliyekauka, mwembamba kama jani la chai, ameng'ang'ania waya. Nilimng'oa kwa kibanio na nikashindwa kula mchana.

Kisha kulehemu. Sikuwa na meza ila ya chakula. Moshi wa risasi na utomvu ukaingia kwenye mapazia, ukaingia kwenye wali. Nyaya za shaba zilikuwa nyembamba kama nywele na zimepakwa rangi isiyopitisha umeme, ikabidi niikwangue kwa wembe, na vumbi lake likanikaa chini ya kucha. Uji wa betri ulinibabua ncha za vidole, ngozi ikatoka kama ya kitunguu. Nilikuwa nanuka. Nilijinusa mwenyewe nikachukia.

Na baada ya yote hayo, kikakataa kuwaka.

"Labda hakijafahamu falsafa yake," mke wangu alisema, akipita na sahani.

"Kimekosewa mahali."

"Na aliyekikosea?"

Aliyekikosea alikuwa amezungusha nyaya mbili pamoja kwenye pete, vizuri kabisa, kisha akaunganisha mwanzo wa mmoja na mwanzo wa mwingine. Inatakiwa mwanzo wa huu uungane na mwisho wa ule. Ukikosea hapo, nyaya mbili zinasukumana badala ya kusaidiana, kama ndugu waliorithishwa shamba moja. Nilifungua, nikageuza, nikalehemu tena, na betri ile ya kutu, ambayo redio ilikuwa imeitapika, ikatoa mwanga mweupe, mkali, wa kutia aibu. Nilipiga kelele. Mke wangu alirudi kutazama, akanyamaza, na kwa mke wangu kunyamaza ni makofi.

Nikakipachika kwenye mkebe wa mafuta ya mgando, nikatoboa tundu, nikafunga kwa mpira wa baiskeli, nikakitundika chooni juu ya mlango. Kilikuwa kibaya kupita matumaini yangu. Nikamwambia mama, "Leo kunywa maji, mama. Chooni kuna mwanga kama harusini."

Alikunywa. Baada ya magharibi alichukua kopo lake akaenda. Mimi nilisimama uani nikijifanya natazama nguo kwenye kamba, nikingoja kupongezwa.

Mama amelelewa kwamba chooni hapasemwi neno. Hapaimbwi, hapaitikiwi salamu. Hata kikohozi hukizuia mpaka atoke. Maishani mwangu sikuwahi kusikia sauti yake ikitoka mle ndani. Jioni ile alipiga ukelele ambao wapangaji waliufungulia milango. Kisha bati likafunguka kwa kishindo, mama akatoka, leso imemvuka kichwani, kopo halipo.

"Nini, mama? Umeanguka?"

"Sikuanguka."

"Ni nini basi?"

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza na mwanawe mwenyewe. Akaingia ndani.

Mimi nikaingia chooni. Na hapo nikaona.

Nataka kuwa mwadilifu kwa msomaji, lakini nitasema machache. Ukuta haukuwa na rangi ya ukuta. Ulikuwa wa hudhurungi, unang'aa, na ule mng'ao ulikuwa unapumua. Walikuwa wamejipanga bega kwa bega kwenye nyufa za matumbawe, pembe zao nje zikipepea, wakubwa kama tende. Chini yao, miaka na miaka ya mavi yao ilikuwa imeganda kama lami. Kwenye pembe kulikuwa na utando mzito wa buibui uliojaa mabawa. Mahali ambapo mama huweka mkono wake, ule wa kumsaidia magoti, palikuwa na alama ya kiganja, nyeusi, ya mafuta, imelainika kwa kuguswa. Palipozunguka kiganja hicho palikuwa na mayai.

Nilitoka nikashika mlango, nikatema mate mpaka yakaniishia.

Kuanzia siku ile taa ilianza kuzima. Kila asubuhi nilikuta mkebe upo, waya upo, betri haipo. Nilitia nyingine, ikatoweka. Nikaona kwamba nimemdharau mwizi: huyu alikuwa wa kiwango cha kuiba maiti. Nikamtilia shaka mpangaji wetu wa chumba cha mwisho, mama mmoja kutoka bara anayeuza chai ya asubuhi pale barabarani, kwa sababu hiyo tu kwamba ana redio. Elimu yangu yote ilinifikisha hapo. Nilimkuta akifua.

"Dada, samahani. Ile betri ya chooni..."

"Mwalimu," akanikatiza, "mimi nibebe betri ya choo nipeleke wapi? Kwa maonyesho?"

"Nauliza tu."

"Uliza mamako. Nimemwona na hizi macho zangu, anaingia, anapanda kwa ile ndoo ya kuoshea na hizo magoti zake mbaya, anaitoa, anaifunga kwa pindo la leso. Akimaliza hajali kuirudisha." Alikamua nguo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Na nikuambie ukweli, usikasirike? Hiyo taa yako imetuanika. Kwani hatukujua tunaishi na mende? Tulijua. Lakini kujua na kuona si kitu moja. Siku hizi naingia, natoka mbio, sijamaliza."

"Lakini mna zamu ya kuosha. Mama hunena kila siku kwamba nyumba yake ina zamu."

"Zamu iko. Hata leo asubuhi nimeosha."

Na alikuwa amesema kweli. Nilikwenda nikatazama tena, pua nimeibana. Sakafu ilikuwa safi. Sementi imesuguliwa mpaka mawe yake yameonekana, tundu limemwagiwa dawa, hata ndala za chooni zimeoshwa zikaegeshwa. Miaka yote ile kila mwanamke wa nyumba ile alikuwa akishika zamu yake kwa uaminifu, akisugua sakafu, mahali unyayo unapokanyaga, mahali ambapo mwenzake ataweza kumshtaki. Ukuta haukuwa na zamu. Hakuna aliyeupangia ukuta zamu kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona, na baba, kwa haya yake ya dirisha, alihakikisha hivyo.

Nilimwendea mama. Alikuwa ameketi juu ya kitanda, na glasi iko kifudifudi, jua bado lingali juu.

"Mama, wewe ndiye unayetoa betri?"

"Ndiye."

"Lakini uliogopa giza kwa sababu ya kombamwiko. Nimekuletea mwanga."

"Mwanangu," alisema, "mie na kombamwiko wale tumekaa pamoja tangu baba yako yu hai. Nawaogopa, waniogopa, twapishana. Lakini hatukuwa tukijuana sura. Wewe ndiye uliyetukutanisha. Sasa hata nikitoa betri, nikifunga mato nawaona." Akatazama kiganja chake cha kushoto, akakipangusa kwenye leso, ingawa hakikuwa na kitu. "Mkono wangu nilikuwa nikiuweka pale. Kila siku ya Mungu, pale."

"Basi kunywa maji, na nitakusindikiza."

"Hata. Sinywi. Hata asubuhi yenyewe sasa siendi kwa raha."

Nilielewa nilichokuwa nimekifanya. Mwanzo alikuwa akiacha maji jioni. Sasa, kwa msaada wa elimu yangu, alikuwa ameanza kuyaacha mchana. Midomo yake ilikuwa imeanza tena kuwa na ule ukavu. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakunidhihaki, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake ilikuwa siku nisiyofundisha. Nilivaa suruali ya kutupwa, nikafunga kichwa kwa kilemba cha taulo, nikafunga pua na mdomo kwa leso ya mke wangu. Yeye alichemsha maji kwenye sufuria la pilau la shughuli. Sikupinga, nilikuwa nimekoma kuulizia vyombo. Mpangaji wetu alilitazama vazi langu, akasema, "Mwalimu, kama ni vita, si ungevaa viatu?" akaniletea gambuti zake mwenyewe, za rangi ya waridi.

Nikatia betri kwenye mkebe. Taa ikawaka, nami nikafunga mlango nyuma yangu ili kombamwiko wasikimbilie uani, ambalo lilikuwa wazo bora la usafi na wazo baya kuliko yote niliyowahi kuwa nayo.

Maji ya kwanza yalipogonga ukuta, ukuta uliniangukia. Walinishukia mabegani, wakaingia kwenye kilemba, mmoja akanipanda ndani ya mkono wa shati mpaka kwapani, akakaa humo. Sauti yao chini ya gambuti ilikuwa ya njugu zinazobanjwa. Maji ya moto yaliamsha kila harufu iliyokuwa imelala mle tangu choo kichimbwe. Harufu ilipanda na mvuke, nikaivuta, nikaimeza. Nilitapika ndani ya leso ya mke wangu, ikiwa bado imefungwa usoni. Sitaki kuongeza neno juu ya jambo hilo. Nilifungua mlango, nikajimwagia maji kichwani, nikachukua upanga mkuukuu, nikarudi.

Nilikwangua lami ile kwa upanga kutwa. Ilitoka vipande vipande, kama ukoko wa chini ya chungu. Kila nilipodhani nimefika jiweni, chini yake palikuwa na tabaka jingine, la zamani zaidi, na nikatambua kwamba baadhi ya tabaka hizo ni za enzi za ujana wangu, nilipokuwa nikiketi mle gizani nikijipangia maisha matukufu. Mke wangu alipitisha ndoo mlangoni bila kutazama ndani. Mpangaji alikanda sementi na mchanga, nikaziba nyufa kwa mikono. Nilipofika pale penye alama ya kiganja nilisita kidogo, kisha nikapakwangua pia.

Ukuta ulipokauka, tulipaka chokaa, tabaka juu ya tabaka, tukishikana zamu sote watatu. Na hapo kifaa changu kikanifundisha jambo ambalo video haikulitaja: mwanga kidogo ukiupa ukuta mweupe unakuwa mwingi. Betri iliyokuwa imebakiwa na pumzi ya mwisho iliangaza choo chote mpaka sakafuni.

Nisidanganye kwamba kombamwiko walikwisha. Walihama. Wengi wao walihamia chumbani kwangu, kwenye rafu, nyuma ya vitabu nilivyovibeba kutoka chuo kikuu, ambako wanakula gundi ya majalada na kunya juu ya falsafa. Usiku wananipita usoni. Nimeamka na mmoja midomoni. Hadi leo ninapoandika haya, chai yangu naifunika kwa kitabu na kitabu nakitikisa kwanza.

Jioni tuliyomaliza, mke wangu alimshika mama mkono akampeleka akaone kwanza, bila kopo, kama watu wanaokwenda kutazama kiwanja. Mama alisimama mlangoni muda mrefu. Hakusema kitu, kwa kuwa alikuwa amekaribia mno kizingiti. Akarudi chumbani, akaketi, akaigeuza glasi. Nilimmiminia. Alikunywa nusu, akapumzika, akanywa iliyobaki kwa kukunja uso, kama dawa.

Adhana ya magharibi ilipita. Sote tulikaa uani tukijishughulisha na kazi zisizokuwepo. Mpangaji wetu alichambua mchele aliokuwa ameshauchambua. Hatimaye mama alitoka na kopo lake, akatanguliza mguu wa kushoto, bati likafungwa. Mwanga mweupe ulibaki kwenye ufa wa mlango. Haukuzima.

Alikaa sana. Mimi nilianza kunyanyuka, mke wangu akanivuta shati.

Mlango ukafunguka. Mama alisimama pale, akatengeneza leso yake, akasubiri mpaka alipokuwa hatua ya kutosha nje ndipo akafungua kinywa.

"Pale juu, karibu na tundu," aliniambia, "hamkupaka vizuri. Pana doa."

"Nitapaka, mama."

"Na mwambie mkeo aniwekee maji mengine."